Kigingi cha Uwanja wa Matufe

Siku Noeline Sproule alipopata nyumba ya kwanza yenye jina lake kwenye hati, alikuwa na miaka sitini na minane, na jambo la kwanza alilofanya ni kupigilia misumari kumi na miwili ukutani bila kuwa na hata kitu kimoja cha kutundika. Jirani yake wa namba nane, Esme Tarry, alisikia nyundo tangu asubuhi mpaka chai ya saa nne, akaja kuchungulia mlangoni.

"Shoga, unajenga au unabomoa?"

"Napigilia misumari."

"Ya nini?"

"Ya kwangu," akajibu Noeline, akaupiga mwingine.

Esme alicheka mpaka akashika mlango. Urafiki wao ulianzia hapo.

Aliyekulia katika nyumba za reli angeelewa. Baba yake Noeline alikuwa kibarua wa njia ya reli, na utotoni mwake mwote waliishi katika nyumba za mbao za shirika, leo kituo hiki, kesho kile. Baba akihamishwa, nyumba inabaki na watu wanaondoka. Walihama mara tisa kabla Noeline hajatimiza miaka kumi na minne. Mama yake alipiga marufuku misumari, kwa sababu mkaguzi alikuwa akipita kuhesabu matundu. Wala hakuwahi kupanda mti wa matunda, akisema hana haja ya kunenepesha watoto wa wenzake. Mwaka baba alipoumia mgongo asiweze tena kazi, walipewa wiki tatu watoke. Noeline hakuisahau picha ile: kitanda chao kando ya barabara kwenye manyunyu, na mama amekaa juu yake, mgongo umenyooka, kofia ya kanisani kichwani, utadhani anangoja wageni.

Alipofika miaka thelathini alipata ukarani katika ofisi ya mpima ardhi mjini Maryborough, mzee Arch Lindeman, mtu mrefu asiyependa maneno mengi. Siku moja mshika mnyororo wa kupimia aliteguka mguu asubuhi ya kazi. Lindeman akaangaza macho ofisini, hakumwona mtu ila Noeline na mashine yake ya kuchapia.

"Unaweza kutembea kwenye miwa?"

"Nyoka wakinipisha."

Akaingia shambani siku hiyo, akatoka baada ya miaka ishirini na sita. Alivuta mnyororo, akabeba darubini, akapiga vigingi vya chuma kwa nyundo ya ratili kumi, na jioni akaandika vipimo katika daftari la shambani kwa mwandiko mdogo ulionyooka kama mstari wa mahindi. Wanaume wa kikosi walimcheka mwanzoni. Wakaja wakaacha wenyewe, maana kigingi kilichozikwa miaka arobaini kikitafutwa, wao walichimba mashimo sita na yeye moja.

Basi maisha yake yote ya kazi alikuwa akiwakatia watu ardhi, naye akirudi jioni kwenye nyumba ya kupanga. Mumewe Ted alifia humo. Mwaka wa pili mwenye nyumba akaiuza. Noeline alichukua akiba yake, akaunganisha na kidogo alichoachiwa na shangazi, akanunua namba saba katika kijiji cha wastaafu cha Myrtle Bend, kwenye kona ya mto.

Myrtle Bend ilikuwa na pande mbili, na barabara ya ndani ikipita katikati. Upande wa zamani ulikuwa na nyumba ishirini na mbili, kila moja na hatimiliki yake, na mwenye nyumba angeweza kuiuza, kuirithisha, hata kuipaka rangi ya zambarau akitaka. Ukumbi, bustani na uwanja wa matufe vilikuwa mali ya wenye nyumba wote kwa pamoja. Upande mpya ulikuwa na nyumba kumi na mbili zilizojengwa baadaye kwenye kiwanja cha kampuni iliyosimamia kijiji, na waliokaa humo hawakuwa na hati bali leseni ya kukaa tu. Kwa miaka mingi hakuna aliyejali tofauti hiyo. Jumanne watu wa pande zote walikutana uwanjani wamevaa meupe, wakavingirisha matufe yao kwenye nyasi, kila mmoja akitaka lake likae karibu zaidi na tufe dogo la shabaha, wakabishana kama wabunge, kisha wakala keki za chokoleti na nazi.

Noeline alipofikisha miaka sabini na minane, kampuni ya zamani iliuzwa kwa kampuni nyingine kutoka Brisbane. Ikamleta meneja mpya, Bradley Pym, kijana wa miaka thelathini na tano, viatu vinang'aa, tabasamu halikauki. Wiki yake ya kwanza aliwaita wenye hati ukumbini, akawakaribisha skonzi za jamu na malai, akamgawia kila mmoja kijitabu cha karatasi laini.

"Wazazi wangu," akaanza, "mmefanya kazi maisha yenu yote. Paa likivuja, ni lenu. Bomba likipasuka, ni lenu. Kwa nini mteseke? Tupeni sisi huo mzigo. Mnatukabidhi hati, nasi tunawapa haki ya kukaa maisha yenu yote. Na juu ya hayo, jiko jipya."

"Jiko jipya!" akasema Des Gillick wa namba tatu, mwenyekiti wa jumuiya ya wenye nyumba. Des alikuwa muuza viatu mstaafu, mtu mwema, na mtu asiyejua kusema hapana. Paa lake lilikuwa likivuja kweli.

"Na pale kwenye uwanja wa matufe," Pym akaendelea, "tutainua jengo la ghorofa tatu, lenye lifti na kliniki. Kijiji kitachangamka."

Esme alishusha skonzi yake.

"Na sisi tukachezee wapi? Juu ya paa?"

"Tutatenga nafasi, Bi Esme."

"Nafasi ya kuchezea karata?"

Watu wakacheka, lakini kicheko kilikuwa chembamba. Kabla ya mwisho wa wiki Des na wengine wanne walikuwa wameshatia sahihi.

Noeline alisoma kijitabu chake mara tatu, akashindwa kukielewa. Kilijaa picha za wazee wenye meno mazuri. Bado alikuwa akikipekua Jumamosi asubuhi mlango ulipogongwa. Alikuwa Hazel Dunphy wa upande mpya, mwanamke mwembamba aliyewahi kuwa mwalimu wa hesabu. Walifahamiana kwa matufe tu. Mkononi alishika bahasha nene.

"Sikuja kunywa chai," akasema Hazel.

"Lakini utakunywa."

"Basi nitakunywa. Nimekuja na mkataba wangu. Nataka uusome. Nasikia mnapewa kama huu."

Walikaa mezani, Noeline akavaa miwani. Kurasa sitini na nne. Hazel alishaweka vipande vya karatasi kwenye sehemu zilizomuuma, akawa anaeleza huku Noeline akifuatisha kwa kidole. Hazel hakuweza kumwachia mpwa wake nyumba ile. Akiondoka au akifa, kampuni ndiyo itakayochagua nani aingie, na lini. Hakuweza kumkaribisha dada yake akae naye zaidi ya mwezi bila ruhusa. Alipotaka kufunga chuma cha kujishikia bafuni, aliandika barua, akangoja wiki kumi na moja, na katikati ya kungoja akaanguka.

"Kwa hiyo wewe ni mpangaji," akasema Noeline.

"Mpangaji ana sheria zake. Mimi si mpangaji."

"Mwenye nyumba basi?"

"Wala. Mimi nimo tu, dada Noeline. Siku nilipoingia nilifurahi, sikudanganywa, kila kitu kiliandikwa humu. Na wapo wenzangu wanaoridhika, hawataki habari za paa, nawaelewa. Lakini wao walichagua. Ninyi mnacho kitu mkononi mwenu, mnaombwa mkiweke mezani mkachukue skonzi."

Noeline alivua miwani. Alimwona mama yake juu ya kitanda kando ya barabara, na hasira ya miaka sitini ikampanda kifuani. Akainuka, akavaa kofia.

"Chai yako inapoa," akasema. "Nakwenda ofisini."

Pym alimpokea kwa bashasha. Noeline hakukaa.

"Uwanja wa matufe ni mali yetu ya pamoja. Utajengaje ghorofa juu ya ardhi ya watu?"

"Ah, hapo kuna kosa dogo la mazoea, Bi Noeline." Pym alifungua droo, akatandaza ramani. "Tazama mwenyewe. Mpaka wa kiwanja chetu unapita hapa. Uwanja uko ndani. Wenye kampuni wa zamani waliwaachia mtumie kwa hisani."

Noeline aliinamia ramani ile. Mstari mwekundu ulishuka kutoka barabarani, ukapita kati ya ukumbi na uwanja, ukafika mtoni. Aliutazama kwa muda mrefu kiasi kwamba Pym akaanza kukohoa.

"Mstari huu hauko mahali pake," akasema hatimaye. "Unatakiwa upite upande wa pili wa uwanja. Umesogea mita thelathini na kitu."

"Na wewe umejuaje?"

"Kigingi cha kona nilikipiga mimi."

Pym akacheka, bila ubaya, kama anavyochekwa mtoto. "Lini, mama?"

"Mwaka themanini na sita. Mwezi wa pili. Jua lilikuwa la kuua mbwa."

"Ramani hii imechorwa kwa kompyuta, Bi Noeline. Kumbukumbu ni kitu kizuri, lakini…"

"Lakini nini?"

"Lakini ni kumbukumbu."

Habari zilizagaa kabla hajafika nyumbani. Kufikia Jumatatu kulikuwa na waliomwamini na waliomwonea huruma, na hao wa pili ndio waliomkera. Des alimsimamisha njiani.

"Noeline, usijitie aibu. Hata mimi siku hizi nasahau nimeweka wapi soksi."

"Soksi zako si mipaka, Des."

Lakini usiku ule hakulala vizuri, na asubuhi, akimenya yai, alijiuliza kama kweli alikumbuka sawasawa. Alikuwa amepiga vigingi maelfu. Pengine alichanganya kona hii na kona nyingine ya mto. Alimwambia Esme, na hakuwa akimwambia kila mtu mambo kama hayo.

Esme hakumbembeleza. Babu na bibi yake waliletwa kutoka visiwa vya mbali baharini kuja kukata miwa, na katika ukoo wao kumbukumbu haikuwa mchezo. Kwa vizazi vitatu hawakuwa na karatasi yoyote ya kuthibitisha walikotoka ila yale waliyosimuliana.

"Mliandika au hamkuandika?" akauliza.

"Tuliandika. Kila kitu."

"Basi mbona unaniuliza mimi? Kaliulize daftari."

Ofisi ya Lindeman ilikuwa bado ipo mjini, mtaa uleule, sasa ikiongozwa na binti yake, Kirsten, ambaye Noeline alimjua tangu akitambaa chini ya meza za ramani. Kirsten alimkumbatia, akamsikiliza, akampeleka chumba cha nyuma. Rafu zilifika darini. Harufu ya ngozi na vumbi ilimrudishia Noeline miaka yake yote kwa pigo moja.

Iliwachukua nusu saa kulipata. Daftari lilikuwa na jalada jekundu lililopauka. Kirsten alifungua, akasogeza taa. Kisha akaligeuza Noeline aone.

Ulikuwa mwandiko wake mwenyewe, mdogo, umenyooka. *Kona ya kusini magharibi. Kigingi cha chuma, kimepigwa sentimita thelathini chini ya uso wa ardhi, hatua nne mashariki ya kisiki.* Pembeni palikuwa na mchoro wa mto, na ukingoni mwa ukurasa doa la chai.

"Chai ni ya baba yako," akasema Noeline.

"Na ramani iliyosajiliwa inafuata daftari hili," akasema Kirsten, akilinganisha na nakala kwenye kompyuta. "Mchoro wa bwana huyo sijui umetoka wapi. Nadhani mtu alifuata uzio wa zamani badala ya mpaka. Lakini karatasi dhidi ya karatasi, watavutana miaka. Kigingi kikiwepo ardhini, shauri limekwisha. Nitakuja Alhamisi saa tatu."

Alhamisi ilipofika, kijiji kizima kilikuwa nje. Watu wa upande wa zamani walileta viti vya kukunja. Wa upande mpya walikuja na birika za chai. Ndege kukabura wawili walikaa juu ya uzio wakicheka ovyo. Pym alisimama mbele na ramani yake chini ya kwapa, na kando yake mpiga picha wa kampuni, ambaye hakuna aliyejua aliitiwa nini.

Kirsten alisimamisha chombo chake juu ya miguu mitatu, akasoma namba, akatembea, akasoma tena. Mwishowe akachomeka kibendera kwenye kitalu cha maua, ng'ambo ya uwanja, upande wa kampuni. Kama kigingi kilikuwa chini ya kibendera kile, uwanja wote ulikuwa wa wenye nyumba.

Noeline alitaka kuchimba mwenyewe. Esme akamnyang'anya sepetu.

"Wewe ukianguka leo watasema ni uzee. Elekeza tu."

Esme alikuwa na miaka sabini na moja na mabega ya mpiga makasia. Alichimba shimo safi, udongo akiutupa upande mmoja. Sentimita thelathini: hakuna. Thelathini na tano: hakuna. Akatanua shimo. Mizizi, kokoto, kipande cha sahani.

Pym alitazama saa yake. "Nadhani tumetosheka, jamani. Tusiharibu maua."

Des aliinamisha kichwa. Mtu mmoja nyuma akaanza kukunja kiti. Kirsten alikagua namba zake tena, akatikisa kichwa. Ni hapo, alikuwa na hakika, ni hapo.

Noeline alisogea ukingoni mwa shimo. Hakulitazama shimo. Alitazama mto, halafu mteremko wa nyasi, halafu uwanja wa matufe, tambarare kama meza. Ardhi ile haikuwa tambarare mwaka themanini na sita. Ilikuwa na mteremko. Alikumbuka jinsi mnyororo ulivyokuwa ukilegea upande wa chini. Mtu hawezi kuvingirisha tufe kwenye mteremko.

"Esme," akasema, "walijaza udongo. Walipotengeneza uwanja waliinua ardhi hii yote. Kigingi hakijakwenda popote. Sisi ndio tumepanda juu. Shuka."

"Nishuke mpaka wapi?"

"Mpaka udongo ubadilike rangi."

Esme akatemea viganja mate, akashuka. Hazel Dunphy alivuka barabara, akachukua sepetu ya pili bila kuulizwa. Wakachimba kwa zamu, udongo mwekundu wa kuletwa ukitoka, mpaka ghafla ukatokea mweusi, wenyewe, wa mtoni. Aliyekuwa akikunja kiti akakikunjua. Esme alipiga sepetu mara nyingine, na wote wakasikia.

*Ting.*

Esme akapiga tena, taratibu, kama anayebisha hodi. *Ting.*

Noeline alipiga magoti, na hakuna aliyethubutu kumzuia. Alitia mkono hadi begani, akafuta udongo kwa vidole. Kichwa cha chuma kilikuwa na kutu, lakini ukingo mmoja ulikuwa umepinda, pale ambapo nyundo yake iliteleza siku ile na mzee Lindeman akamwambia jambo moja tu: "Si kitu, kitakaa." Kilikuwa kimekaa.

"Habari yako," akakiambia.

Kirsten akashusha fimbo yake ya kupimia shimoni, akasoma, akainua uso. "Sentimita mbili za tofauti," akasema kwa sauti ya kusikika. "Na hizo pengine ni zangu. Huu ndio mpaka. Uwanja ni wa wenye nyumba."

Kelele iliyopigwa iliwafukuza kukabura. Esme alimtoa Noeline shimoni kwa kumkumbatia, wote wawili wamechafuka mpaka nyusi. Des Gillick alikuwa akilia waziwazi. Mpiga picha wa kampuni, ambaye kwake kazi ni kazi, alipiga picha ile, na kesho yake ilikuwa kwenye gazeti la mjini.

Pym alikuwa amekunja ramani yake. Alimsogelea Noeline, tabasamu limekauka, na kwa mara ya kwanza akaonekana kuwa kijana tu aliyechoka.

"Kumbe ulikipiga kweli."

"Nilikuambia."

"Uliniambia," akakubali.

Mkutano mkuu wa jumuiya ulikuwa baada ya siku kumi na mbili. Kampuni iliandika barua ya kuondoa dai lake, sentensi mbili, Des akaisoma mara nne kwa jinsi ilivyomfurahisha. Kisha akakiri mbele ya wote kwamba alitia sahihi kwa ajili ya jiko. Siku ambazo sheria inampa mtu kubadili nia baada ya kutia sahihi zilikuwa hazijaisha, naye amejirudi, na wale wanne wamejirudi pamoja naye.

"Na paa lako?" mtu akauliza.

"Paa langu litavuja juu ya kichwa changu, kwenye nyumba yangu," akasema Des, na ukumbi ukampigia makofi ambayo hakuwahi kupigiwa akiuza viatu.

Hoja ya kwanza ilikuwa mkataba wa kampuni kusimamia upande wa zamani, ambao ulitakiwa kuongezwa miaka kumi. Kampuni ilikuwa imenunua nyumba nne za upande huo, hivyo ilikuwa na kura nne. Mmoja wa wenye nyumba alikuwa hospitali. Waliokataa walikuwa kumi na saba. Wataajiri msimamizi wao wenyewe.

Watu walikuwa wameshaanza kuinuka Noeline alipoomba kusema. Hakuwa msemaji. Alishika kiti cha mbele yake kwa mikono miwili.

"Nina hoja moja. Watu wa upande mpya wapewe haki ya kuutumia uwanja na ukumbi. Si kwa hisani. Iandikwe, isajiliwe kwenye hati, isifutike hata kampuni ikiuzwa mara kumi, hata sisi sote tukiwa makaburini."

Manung'uniko yakapita. Bwana mmoja wa namba kumi na tisa akasema kwa sauti, "Lakini wale si wenye ardhi, Noeline. Ndiyo kwanza tumeipata, wewe unaigawa!"

"Mimi nimeishi miaka sitini na minane bila ardhi," akasema Noeline. "Najua kukaa mahali kwa kuruhusiwa. Unatembea kwa ncha za vidole. Unajizoeza kutopenda kitu, kisije kikachukuliwa. Mtu akikuambia cheza, unacheza huku unatazama mlangoni. Hazel alikuja kwangu na karatasi zake, hakuwa na faida yoyote, akanifungua macho. Na sepetu ya pili ilishikwa na nani? Mimi sikuchimbua kigingi kile ili nimfungie mtu nje."

Hoja kama hiyo ilihitaji kupita bila hata kura moja ya kupinga. Des akaita wanaokubali. Mikono ikainuka, mmoja mmoja, halafu kwa mafungu. Bwana wa namba kumi na tisa alibaki amekunja yake kifuani. Esme, aliyekaa nyuma yake, akainama mpaka sikioni mwake.

"Ndugu yangu, Jumanne nani anakubebea matufe yako kwa sababu ya kiuno?"

"Hazel," akasema bwana yule kwa shingo upande, akainua mkono. Na kule pembeni, pole pole, Bradley Pym naye akauinua wa kwake, kwa nyumba nne za kampuni. Alipoona watu wanamtazama akasema, "Hata mimi wazee wangu wanapenda matufe," na kwa mara ya kwanza ukumbi ule ulimcheka kwa upendo.

Ishirini na moja kwa sifuri. Nje ya dirisha watu wa upande mpya walikuwa wamesimama kwenye maua wakisikiliza, na Des alipotangaza, walipiga ukelele uliozidi ule wa kigingi. Walitaka Noeline awe mwenyekiti. Akakataa katakata, akasema yeye ni mshika mnyororo.

Jumanne iliyofuata pande zote mbili zilijaa uwanjani, meupe yamepigwa pasi, soseji zikikaangika kwenye jiko la nje. Kirsten Lindeman alikuja na mumewe. Noeline alipangwa acheze na Hazel Dunphy, na wengi walitarajia mwalimu wa hesabu atamwachia mshindi wa wiki. Hazel hakumwachia hata tufe moja. Alimpiga ishirini na moja kwa tisa, kwa ustaarabu, bila huruma.

"Umepima wapi wewe!" Noeline alifoka, mikono kiunoni, sauti ikivuka uwanja mpaka mtoni. "Tufe lile lilikuwa langu! Leteni kamba!"

"Kamba ipimwe na mwingine," Hazel akajibu, akiokota matufe yake. "Wewe mipaka yako inasogea."

"Inasogea? Mimi?"

"Jumanne ijayo," akasema Hazel.

"Jumanne ijayo," akasema Noeline, akaenda kutafuta soseji yake, akicheka peke yake.